Kijana, Unajua Kuchora? Sasa Jifunze Kutia Rangi



Katika jamaa zetu nyingi kuko mutoto mumoja mwenye kuchora kila pahali: ku kaye ya masomo, ku ukuta, mupaka ku mukono wake mwenyewe. Siku hizi wengine wanachora ku telefone ao ku ordinatere. Mistari yao ni mizuri, lakini picha inabaki nyeusi na nyeupe. Wanaogopa rangi. Siwacheke, maana mimi mwenyewe niliharibisha picha kwa sababu ya rangi.

Mutoto mumoja wa masomo ya Siku ya Mungu aliniletea picha: baba yake anatoka kazini, kofia ya kazi ku kichwa, mama anamungojea ku mulango. Tulitaka kuitia rangi juu ya kadi ya sikukuu. Nikaiingiza ndani ya ordinatere, nikapaka rangi palepale juu ya mistari. Macho yakapotea, vidole vikapotea. Nikalinda kazi hiyo, nikafunga mashini, na karatasi nilikuwa nimekwisha kuitupa. Kesho yake mutoto akaangalia, akauliza: "Pastere, papa yangu iko wapi?" Nikakosa jibu.

Sikia basi, ndugu kijana, ili wewe usifanye vile.

Kwanza, linda karatasi ya kwanza. Kama unaipitisha ku skana, chagua pointi 300 kwa kila inchi, ni kusema kwa kila sentimeta 2,54. Kama unaipiga foto na telefone, tafuta mwangaza wa mchana, lakini si jua kali, na kivuli chako kisianguke juu ya karatasi.

Pili, jua maana ya kalke. Ku masomo tulichukua karatasi ya kalke, yenye kuonyesha kintu kilicho chini yake, juu ya kuchora karte. Ndani ya ordinatere iko vilevile. Mistari inakaa ku kalke ya juu, rangi inakaa ku kalke ingine, chini yake. Ukikosea rangi, unaifuta, na mistari haiguswe. Programu kama Krita na GIMP zina kalke hizo, na zinapatikana bila kulipa.

Utauliza: ile nyeupe ya karatasi haitafunika rangi ya chini? Itafunika, kama hauchague namna ya kuzidisha ku kalke ya mistari. Mashini inafanya hesabu: nyeupe ni 1, nyeusi ni 0. Rangi mara 1 inabaki rangi ileile. Rangi mara 0 inakuwa nyeusi. Njo maana nyeupe inapotea, na mustari unabaki.

Tatu, tia rangi sawasawa kila fasi, bila kivuli. Kuko chombo chenye picha ya ndoo: unagusa ndani ya shati, shati lote linajaa. Lakini kama mustari una tundu, rangi inatoka kama maji ku ndoo yenye kutoboka, inajaza ukurasa muzima. Funga matundu mbele ya kumwanga.

Inne, vivuli. Uliza: jua linatoka upande gani? Weka vivuli vyote upande mwingine, ku kalke yao wenyewe. Na usichukue rangi ku kichwa tu. Toka inje uangalie. Udongo wetu wa Katanga ni mwekundu, lakini saa ya mvua unakuwa mweusi kidogo. Malakiti ina kijani zaidi ya moja ndani ya jiwe moja. Angalia mukono wako: ndani na inje si rangi moja. Ukichora ngozi yetu, usichague kahawia nzito sana, sababu mistari ya macho na kinywa itapotea ndani yake, sawa vile ilinipata mimi.

Tano, ukimaliza, linda mara mbili: kazi yenye kalke zote, na picha ya kutuma. Linda pia kila mara unapofanya kazi. Umeme hauage mutu kwaheri. Na mbele ya kuchapa nyingi, chapa moja. Ekra inatoa mwangaza wa nyekundu, kijani na buluu; mashini ya kuchapa inatumia wino. Kijani chenye kungaa ku ekra kinaweza kulala ku karatasi.

Neno moja tena. Hadisi ya Tintin katika Kongo ilitoka mu gazeti la Bruxelles mwaka 1930 na 1931, nyeusi na nyeupe. Mwaka 1946 Hergé aliitoa upya na rangi, ndani ya kurasa 62. Rangi ni nzuri, lakini watu wetu walibaki wamechorwa kwa kuchekelewa. Rangi haiponyeshe mustari wenye uongo. Chora watu wako kwa kweli kwanza.

Yule mutoto alichora tena baba yake. Safari hii tulitia rangi pamoja, polepole, kalke kwa kalke, na macho yakabaki. Alifurahi. Lakini aliniambia: "Ile ya kwanza alikuwa anacheka."

Wazazi, musitupe karatasi za watoto wenu.