Kweli au Uongo: Viungo vya Jikoni na Tiba Zake

Mwanamke akijifungua huku pwani, jiko la nyumbani kwao linapata kazi mpya. Kuna chakula cha wageni wanaokuja kumpa pole, na kuna uji wa mzazi, wenye pilipili manga ya kutosha kumtoa jasho. Mwenye mafua anachemshiwa tangawizi na limau. Mwenye jino anapewa karafuu aibane pembeni ya mdomo. Elimu hiyo tumeirithi kwa kusikia na kuona, na sehemu yake kubwa imepelekwa maabara ikakutwa ina ukweli.

Siku hizi elimu hiyo hiyo inasafiri kwa simu. Inafika kwenye kundi la familia bila jina la aliyeisema, imechanganywa na maneno ya wauza vidonge, na kitu cha kwanza kupotea njiani ni kipimo. Bibi zetu walikuwa na kiasi: karafuu tatu, kipande cha tangawizi cha urefu wa kidole gumba. Walijua pia mahali jiko linapoishia na safari ya hospitali inapoanza. Kwa hiyo nimechukua madai yanayosikika sana nikayaweka mbele ya yale yaliyothibitishwa.

"Karafuu inatuliza jino linalouma"

Kweli tupu. Sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu ni kemikali iitwayo yujenoli, na hiyo inatia ganzi mishipa ya fahamu. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kuwait walichapisha jaribio walilofanya kwa watu wazima 73. Waliwapaka dawa kwenye ufizi wa juu, upande wa shavu, kabla ya kuwachoma sindano, wakalinganisha karafuu iliyosagwa na benzokaini, dawa ya ganzi wanayoitumia madaktari wa meno. Zote mbili zilipunguza maumivu, na tofauti kati yao haikuonekana. Madaktari wenyewe hawakuiacha karafuu: yujenoli ikichanganywa na oksaidi ya zinki inakuwa saruji ya kuziba jino kwa muda, na ndiyo ile harufu inayokupokea katika vyumba vingi vya tiba ya meno.

Ila ganzi haizibi tundu. Jino likiacha kuuma lenyewe huenda mshipa wake umekufa, na maambukizi yanaendelea kula chini kwa chini. Shavu likivimba, homa ikapanda, au mdomo ukagoma kufunguka, hiyo ni safari ya siku hiyo hiyo.

Na kuna jambo ambalo halisemwi vya kutosha. Karafuu nzima na mafuta ya karafuu ya chupa ni vitu viwili tofauti kabisa kwa nguvu. Watoto wadogo waliokunywa kijiko kimoja au viwili vya chai vya mafuta hayo wameripotiwa kupata degedege, kupoteza fahamu na kuharibika ini. Chupa hiyo iwekwe juu kabatini pamoja na dawa, na asipakwe nayo ufizi mtoto anayeota meno.

"Pilipili inaleta vidonda vya tumbo"

Uongo, na umewanyima watu wengi ladha ya chakula chao bila sababu.

Kwa miaka mingi hata madaktari waliamini kwamba vidonda hivi vinatokana na asidi, mawazo mengi na vyakula vikali. Mwaka 1982, huko Perth, Australia, Barry Marshall na Robin Warren walifanikiwa kuotesha bakteria waliotoka kwenye matumbo ya wagonjwa, ambao leo wanaitwa Helicobacter pylori. Wenzao hawakuwaamini. Mwaka 1984 Marshall akanywa bakteria hao yeye mwenyewe, na baada ya siku chache akawa na uvimbe wa tumbo uliothibitishwa kwa kipimo. Mwaka 2005 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobeli.

Visababishi vikuu ni viwili, basi: bakteria huyo, na matumizi ya muda mrefu ya dawa za maumivu kama aspirini, diklofenaki na ibuprofeni, zile ambazo wengi wetu tunazimeza kila mgongo unapouma. Pilipili inaweza kumchoma mwenye kidonda tayari, au kumletea mtu kiungulia, na huyo ana haki ya kuiacha. Lakini anayeacha pilipili na asipime bakteria amebaki na ugonjwa wake. Unatibika kwa dawa za kuua bakteria na za kupunguza asidi, zikimezwa hadi mwisho wa dozi.

"Tangawizi inamsaidia mjamzito mwenye kichefuchefu"

Kweli. Majaribio mengi yametumia takriban gramu 1 ya tangawizi kavu kwa siku, ikigawanywa mara kadhaa, na yameonyesha kichefuchefu kinapungua. Kutapika kwenyewe kunapungua kidogo tu. Kikombe chepesi asubuhi kinatosha. Mama asiyeweza kubakisha hata maji tumboni siku nzima, mkojo ukawa mchache na wa rangi nzito, apelekwe kliniki akaongezewe maji.

"Kitunguu saumu ni dawa ya kila ugonjwa"

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu dai hili limeua watu.

Ukweli wake kwanza. Punje nzima ya kitunguu saumu haina harufu kali. Ukiitwanga, vitu viwili vilivyokuwa vimetengana ndani yake vinakutana na kutengeneza alisini, yenye harufu ile tunayoijua na uwezo wa kudhoofisha bakteria kwenye vyombo vya maabara. Moto wa haraka unakatiza kazi hiyo. Kwa hiyo anayetwanga akaacha kinuni kwa dakika 10 hivi kabla ya kutia sufuriani anapata faida zaidi ya anayekitosa kizima kwenye mafuta ya moto. Kuhusu shinikizo la damu, majaribio ya vidonge vya kitunguu saumu yameonyesha kwamba linashuka kwa kiasi kidogo kwa wenye tatizo hilo. Kushuka huko ni nyongeza nzuri kwa mtu anayemeza dawa zake na kupunguza chumvi. Hakuchukui nafasi ya dawa.

Sasa upande wa pili. Nchini Afrika Kusini, mwanzoni mwa miaka ya 2000, Waziri wa Afya Manto Tshabalala-Msimang aliwahimiza watu wenye VVU kula kitunguu saumu, limau na kiazisukari chekundu, huku serikali ikichelewesha dawa za kufubaza virusi. Katika mkutano wa kimataifa wa UKIMWI uliofanyika Toronto mwaka 2006, banda la nchi hiyo liliweka vyakula hivyo mezani, dunia ikashuhudia. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walikadiria kwamba watu zaidi ya 330,000 walipoteza maisha kati ya mwaka 2000 na 2005 kwa sababu dawa hazikutolewa kwa wakati. Kitunguu chenyewe hakikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kukikalisha kwenye kiti cha dawa.

Kuna zaidi. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002 uliwapa watu wenye afya vidonge vya kitunguu saumu kwa wiki tatu pamoja na saquinavir, moja ya dawa za VVU za wakati huo. Kiwango cha dawa hiyo katika damu kilishuka kwa nusu hivi. Kiungo kinachoaminika kuwa hakina madhara kilikuwa kinaiondolea dawa nguvu. Vidonge hivyo vinaweza pia kuongeza kutokwa na damu kwa anayetumia warfarini au anayesubiri upasuaji. Kitunguu cha kwenye mchuzi hakina tatizo hilo. Ninazungumzia vidonge na vikombe vya juisi vinavyonywewa kila siku kwa nia ya kujitibu.

Wakati wa korona dai lilirudi kwa nguvu mpya, na mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani likalazimika kueleza kwamba kitunguu saumu ni chakula kizuri, ila hakuna ushahidi kwamba kilimkinga mtu na kirusi hicho.

"Mdalasini unashusha sukari, unaweza kuacha vidonge"

Nusu ya kwanza haijathibitika, nusu ya pili ni uongo wa hatari.

Matumaini yalikuwa na msingi. Mwaka 2003 ulichapishwa utafiti kutoka Pakistan wa watu 60 wenye kisukari cha aina ya pili, waliokula gramu 1, 3 au 6 za mdalasini kwa siku 40, na sukari yao ikashuka. Habari ikaenea dunia nzima. Majaribio yaliyofuata hayakukubaliana, na mwaka 2012 mapitio ya Cochrane yaliyojumlisha majaribio 10 na wagonjwa 577 yalihitimisha kwamba ushahidi hautoshi kuupendekeza. Taarifa za namna hiyo hazisambazwi kwenye simu.

Jambo jingine ni aina yenyewe. Gome la mdalasini wa Ceylon ni jembamba, linajikunja tabaka nyingi na linavunjika kwa vidole. La aina nyingine, mdalasini wa kasia, ni nene na gumu, limejikunja mara moja tu, na lina kumarini nyingi, kemikali inayoweza kuumiza ini ikiliwa kwa wingi kila siku. Kijiti katika pilau au chai kisikutie hofu. Anayekoroga vijiko vya unga wake kila asubuhi kwa miezi ndiye anayepaswa kujua ananunua upi.

"Mchaichai unatibu malaria"

Uongo. Chai ya mchaichai inamrudishia maji mgonjwa na inamtoa jasho, naye anajihisi nafuu. Vimelea vinaendelea kuzaana katika damu, na malaria ya huku kwetu inaweza kugeuka kuwa kali ndani ya saa 24, hasa kwa mtoto. Kipimo kwanza, kisha dawa mseto, chai imsindikize.

Watu huniuliza: mbona dawa mseto nayo imetokana na mmea? Ni kweli. Tu Youyou wa China na wenzake waliipata atemisinini, kiini cha dawa hiyo, kutoka kwenye mmea wa jamii ya pakanga uitwao atemisia mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 2015 akatuzwa Nobeli. Lakini kazi ilikuwa kuitoa, kuipima na kuiunganisha na dawa nyingine. Majani yaliyochemshwa nyumbani hayana kipimo kinachojulikana, na dozi pungufu inavipa vimelea nafasi ya kuizoea dawa, ndiyo maana Shirika la Afya Duniani haliungi mkono chai ya atemisia kama tiba.

Kivumbasi, ndugu wa mrehani, nacho kina sifa yake ya kweli. Mwaka 2008 ulichapishwa utafiti kuhusu mimea ambayo wakazi wa kaskazini-mashariki mwa Tanzania huitumia kufukuza mbu, na jamii ya kivumbasi ilikuwamo. Kipandwe mlangoni, na chandarua kibaki kitandani.

"Uwatu unaongeza maziwa ya mama"

Huenda, kwa baadhi ya wanawake. Majaribio ni madogo na majibu yake yanapishana. Kinachojulikana bila shaka ni kwamba maziwa huja kwa kunyonywa: mtoto anaponyonya mara nyingi, mwili unatoa homoni inayoyatengeneza zaidi. Uji wa mzazi una faida zake, maji na nguvu, na faraja ya kuhudumiwa, ambayo siidharau hata kidogo. Mjamzito asinywe uwatu kwa wingi, kwani unaweza kuchochea mji wa mimba. Na kichanga chini ya miezi 6 asipewe maji ya kiungo chochote; maziwa ya mama yanamtosha.

"Ni kitu cha asili, hakiwezi kudhuru"

Uongo ambao ndio mama wa mengine yote. Kungumanga likikwaruzwa kidogo kwenye uji linanukia vizuri. Gramu 5 hivi, ambazo ni kama punje moja nzima, zinaweza kumfanya mtu mzima aone mauzauza, moyo umwende mbio na kinywa kimkauke.

Bizari ya manjano nayo ina somo. Kurkumini inayosifiwa ni takriban asilimia 3 tu ya unga wake, na mwili huinyonya kwa shida. Utafiti uliofanyika Bangalore, India, mwaka 1998 ulionyesha kwamba kiini cha pilipili manga kinaongeza unyonywaji wake mara nyingi. Mchuzi wetu umekuwa na viungo hivyo viwili pamoja tangu zamani. Wauzaji wakaichukua siri hiyo wakatengeneza vidonge vikali, na sasa wapo waliougua ini kwa kuvitumia. Huko Bangladesh watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walieleza mwaka 2019 jinsi wafanyabiashara walivyokuwa wakitia rangi yenye madini ya risasi ili manjano ing'ae. Risasi inaharibu ubongo wa mtoto. Serikali ya huko iliingilia kati, na kufikia mwaka 2021 sampuli zilizopimwa sokoni hazikuwa nayo tena. Ukiweza, nunua vipande vizima usage mwenyewe, na unga unaong'aa kupita kiasi uuache dukani.

Tumia viungo hivi kwenye chakula chako bila woga. Ukienda hospitali, mwambie mhudumu kila unachochemsha na kila kidonge cha asili unachomeza, kwa jina na kwa kiasi, hasa kama una dawa za kila siku, una mimba, au umepangiwa upasuaji. Asipokuuliza, mtajie wewe.