Kichwa Kikubwa cha Udongo

Lubudi, katika Lualaba, hujulikana kwa saruji yake na kwa reli ielekeayo Bukama na Kamina. Mtoto wa huko akipewa bonge la udongo darasani, huumba watu awajuao: baba atokaye kazini, mama aliyembeba mdogo wake mgongoni.

Udongo una masharti yake. Sharti utolewe mawe, ukandwe hata ulainike, na sanamu ikauke polepole kivulini, isije ikapasuka.

Mara nyingi mtoto hukifanya kichwa kikubwa mno, na mwalimu hutamani kukisahihisha. Na angoje kwanza! Atazame viti vya wakubwa vilivyochongwa na mafundi wa Kiluba: mwanamke abebaye kiti, vyote katika kipande kimoja cha mti, na kichwa chake ni kikubwa kupita kipimo cha mwili. Bruda Marc-Stanislas, aliyeanzisha shule ya sanaa Gombe-Matadi mwaka 1943, hakutaka wanafunzi wake waige kazi za Ulaya.

Nasi zamani, tulipokuwa tukifundisha, tulikipunguza kichwa cha sanamu ya mtoto mmoja. Ikapendeza, wenzake wakaisifu. Mwenyewe hakuja kuichukua.