Taa za Ng'ambo ya Feri

Wajukuu zangu, mkitaka kuliona jiji la Dar es Salaam usiku, msilitazame mkiwa ndani yake. Pandeni pantoni, vukeni Kigamboni, mkae upande huu wa maji baada ya magharibi na kuelekeza nyuso Posta na Kivukoni. Maghorofa huanza kuwaka dirisha mojamoja, zikafuata taa za barabarani, kisha za bandarini, na maji yakazivuta zote hadi karibu na miguu yenu.

Mmoja wenu aliniuliza juzi, "Babu, umeme wote huu mchana unawekwa wapi?" Swali zito, na watu wazima wengi hawajawahi kuliwaza. Hauwekwi popote. Simu ina betri, sola ya bibi yenu ina betri, lakini hakuna betri ya kulibeba jiji zima. Mwanga wa dirisha lile la juu unatengenezwa sasa hivi, mkiwa mnautazama.

Mnaijua baiskeli yenye dainamo? Dainamo ikikaa mbali na tairi, unakanyaga pedali bila shida. Ibane kwenye tairi, taa iwake, na papo hapo pedali zinakuwa nzito. Taa haiwaki bure: miguu yako ndiyo inayoilipia.

Sasa twende Rufiji, zaidi ya kilomita 200 kutoka tulipokaa. Kwenye Bwawa la Julius Nyerere imefungwa mitambo tisa, kila mmoja una uwezo wa megawati 235, na wa kwanza ulianza kuingiza umeme kwenye Gridi ya Taifa mwaka 2024. Hapo miguu ni maji: yanaporomoka, yanasukuma, mtambo unazunguka. Umeme unatoka kwa msongo wa volti 400,000 kwenda Chalinze, halafu unapunguzwa hatua kwa hatua mpaka ufikapo kwenye soketi ya nyumbani ni volti 230 tu. (Nasema "tu", lakini hizo nazo zinaua. Msiingize vidole.)

Mtu wa Mbagala akichomeka pasi, mitambo yote iliyoungwa kwenye gridi inahisi uzito huo: ya Rufiji, ya Kidatu, ya Kihansi, hata ile ya Ubungo inayotumia gesi ya Songo Songo, kisiwa kilicho mbele ya Kilwa. Pasi moja haisumbui. Lakini jioni watu wanarudi makwao kwa mamilioni, wanawasha taa, televisheni, feni, na mitambo inataka kupunguza mwendo. Hairuhusiwi. Umeme wetu lazima uende na kurudi mara 50 kila sekunde, kwa hiyo njia za maji na gesi zinafunguliwa zaidi kidogo ili mwendo usishuke. Kuna watu wanaokesha wakiichunga namba hiyo 50, na mimi nikitazama taa hizi huwawaza wao kuliko wenye maghorofa. Namba ikishuka mno, mitambo hujitoa yenyewe isije ikaharibika, mzigo unaiangukia iliyobaki, nayo inalemewa, inajitoa. Ndipo mnaposikia mtaa mzima ukipiga kelele gizani, "Gridi imetoka!"

Tazameni rangi pia. Taa za barabarani zenye rangi ya chungwa ni za zamani, ndani yake mna mvuke wa sodiamu. Sodiamu mnaila kila siku, imo kwenye chumvi: punje zikidondokea moto wa buluu wa jiko la gesi, moto unageuka njano. Zile nyeupe ni za LED, hutumia umeme kidogo zaidi. Nyekundu zilizo juu kabisa ya minara ni za kuwaonya marubani. Taa zikiwa nyingi namna hii, mwanga wake hutawanywa na vumbi na mvuke wa hewani, anga likapauka, ndiyo sababu nyota mnazoziona kijijini hapa hamzioni. Mimi hilo linaniuma.

Lakini taa ninazozipenda ni za meli. Kila meli inayotembea usiku huwasha taa nyekundu upande wake wa kushoto na ya kijani upande wa kulia, ukitazama kuelekea omo. Kwa hiyo tukikaa hapa Kigamboni, meli inayoingia bandarini kutoka baharini hutupitia na nyekundu, inayotoka hutupitia na kijani. Mkiwa kwenye mtumbwi mkaziona zote mbili kwa pamoja, acheni maongezi mpige makasia, maana inawajia nyinyi. Na meli hiyohiyo tunayoiona na nyekundu, binamu zenu walioko Kivukoni wataapa kwamba taa yake ni ya kijani. Msibishane nao kwenye simu, mtamaliza vocha.