Msalaba, Maandishi na Sura: Sarafu za Bizanti, Aksum na Kilwa katika Ufundishaji wa Historia Dzaleka

Makala haya yanaeleza jinsi dola za kale zilivyotangaza imani kwa njia ya sarafu, na kwa nini jambo hilo linamhusu mshauri wa sera za elimu aliyeko Lilongwe. Katika makazi ya Dzaleka, wilayani Dowa, yaliyofunguliwa mwaka 1994, wanaishi Wakongomani, Warundi na Wanyarwanda, wengi wao wakielewana kwa Kiswahili, pamoja na Wasomali na Waethiopia. Wakristo kwa Waislamu. Mwalimu anayeanzia Konstantinopoli huwaacha wanafunzi hawa wakidhani kuwa Afrika ilikuwa mpokeaji tu.

Sarafu zenyewe zinakanusha dhana hiyo. Katika karne ya 4, Mfalme Ezana wa Aksum aliondoa hilali na duara, nembo za dini ya awali, akaweka msalaba. Huko Bizanti, sura ya Kristo haikupewa upande wa mbele wa sarafu za kawaida hadi enzi ya kwanza ya Justiniano wa Pili (685–695). Kaizari huyo alijihamishia upande wa nyuma, akajiita mtumishi wa Kristo: unyenyekevu, naam, lakini pia dai la mamlaka yasiyohojiwa na binadamu. Muda mfupi baadaye khalifa Abd al-Malik alifuta sura zote katika dinari, akabakiza maandishi.

Kilwa iliufuata mkondo huo wa maandishi kwa namna yake. Katika sarafu za shaba za Ali bin al-Hasan, upande mmoja hutaja jina la sultani na wa pili hutangaza tegemeo lake kwa Mungu, na pande hizo mbili hupatana kwa vina. Lugha ni Kiarabu, lakini mzoefu wa ushairi wa Kiswahili atajihisi nyumbani.

Noti za Malawi zimebeba sura ya John Chilembwe, mchungaji wa Kibaptisti aliyeongoza uasi wa mwaka 1915. Amewekwa hapo kama shujaa wa taifa, si kama mtakatifu. Mkimbizi asiye raia huishika noti hiyo sokoni, kama wageni wengi walivyoishika solido ya Bizanti. Tofauti ni kwamba solido ilipokelewa ugenini kwa ajili ya dhahabu yake, takriban gramu 4.5, noti hutegemea neno la Benki Kuu iliyoko Lilongwe. Kwa hiyo napendekeza somo lianze na noti iliyomo mkononi, liende Aksum na Kilwa, ndipo lifike Bizanti.