King'ora cha Duka Kisipolia

Ndugu wafanyakazi, katika duka letu la ushirika mlinzi alikatwa mshahara kwa sababu mlango ulifunguliwa usiku na king'ora hakikulia. Chombo chenyewe hakuna aliyekipima.

Mlangoni pana vipande viwili: sumaku kwenye mlango, na kwenye fremu kidude chenye swichi na betri. Mlango ukifunguliwa, sumaku huiacha swichi, na kidude hupeleka habari kwa mawimbi ya redio, bila waya, hadi kwenye sanduku kuu. Betri ikichoka, habari haifiki. Masanduku mengi ya bei rahisi hayatoi onyo lolote. Huhesabu kwamba mlango umefungwa. Hapo ndipo mlinzi wetu alipoonewa.

Kikilia ovyo, tazameni bawaba. Mlango uliolegea hutikiswa na upepo, na nafasi ikizidi sentimita 2 hivi, swichi huachia. Mlango wa chuma ni mbaya zaidi, maana hupunguza nguvu ya sumaku na pia huzuia mawimbi. Wekeni kibao chembamba nyuma ya kila kipande, na sanduku lisogezwe karibu.

Sasa tumekubaliana na meneja: kila Jumamosi jioni mlango hufunguliwa king'ora kikiwa kimewashwa, na matokeo huandikwa kitabuni. Meneja na mlinzi hutia sahihi wote wawili.