Kipanya cha vitufe vingi: gumba la kulia lapewa kazi Ngoingwa

KIPANYA, kwa wengi wetu tuliolelewa na ghala la mahindi nyuma ya nyumba, ni yule mdogo mwenye mkia mrefu. Kwa ndugu zetu wa Dar es Salaam jina hilo lilipewa pia mabasi madogo ya abiria. Nami leo, wasomaji wapenzi, nataka tuzungumze juu ya kipanya cha tatu, kile kikaacho kando ya kompyuta, na hasa cha aina iuzwayo kwa wachezaji wa michezo ya kompyuta, chenye vitufe vya ziada ubavuni ambavyo mwenyewe huvipangia kazi apendazo.

Najua wapo watakaosema kwamba hii ni anasa ya vijana, na kwamba ukurasa huu wafaa kushughulika na ngoma na vitabu. Hao nawaomba subira. Siku hizi jioni vijana wengi wa mitaa ya Thika huchezea kwenye skrini, na mchezo huo una kanuni zake, lugha yake, mashujaa wake na ugomvi wake, kama ulivyo mchezo wa bao. Sioni kwa nini ubao wa bao uhesabiwe kuwa utamaduni na kipanya kikataliwe mlangoni.

Kipanya cha kwanza kilikuwa kisanduku cha mbao chenye magurudumu mawili chini na kitufe kimoja juu. Kilibuniwa na Douglas Engelbart na kuundwa na mwenzake Bill English mwaka 1964 huko California, Marekani. Tarehe 9 Desemba 1968, Engelbart alipokionyesha hadharani mjini San Francisco, vitufe vilikuwa vimefika vitatu. Mwaka 2009 kampuni ya Razer ilitoa Naga, chenye vitufe kumi na viwili mahali pa kidole gumba peke yake, vimepangwa safu safu kama tarakimu za simu. Mwaka 2012 Logitech wakajibu kwa G600 chenye idadi hiyo hiyo ubavuni. Vipanya hivyo viliwafaa hasa wachezaji wa michezo mikubwa ya mtandaoni kama World of Warcraft, ambamo mtu mmoja ana silaha, dawa na uganga chungu nzima, naye ana vidole kumi tu.

Mpwa wangu hana kumi. Ana saba. Mashine ya kiwanda kimoja ilimchukua vitatu vya mkono wa kushoto, akabakiwa na gumba na kidole cha shahada. Anakaa chumba kimoja hapa Ngoingwa, upande wa barabara iendayo Mang'u, na riziki yake ni kusikiliza mikutano na mahojiano yaliyorekodiwa ng'ambo na kuyaandika neno kwa neno, kazi ambayo vijana wengi wa Kenya huifanya kwa njia ya intaneti. Usiku hucheza Counter-Strike katika timu ya watu watano. Wenzake wanne wanamfahamu kwa sauti tu. Habari ya mkono hawana. Walichokiona wao ni mtu anayechelewa kujaza risasi, wakaanza kumweka nje zamu moja, kisha mbili.

Akaja kwangu na fedha alizoziweka kwa miezi minne. "Mjomba," akaniambia, "twende Nairobi tukachague pamoja. Nikinunua kibovu safari hii, sina nyingine."

Kabla ya kupanda matatu tulikaa mezani na ukurasa wa daftari. Katika mchezo ule mkono wa kulia hulenga na kupiga, na wa kushoto hufanya yote mengine juu ya kibodi. Kutembea kwa zile herufi nne, W, A, S na D, aliweza kwa vidole viwili, ingawa kwa jasho. Yaliyobaki tuliyahesabu yakawa saba: kuruka, kuchutama, kujaza risasi, kubadili silaha, kushika bomu la mkono, kutegua bomu la adui, na kuzungumza na wenzake. Kuruka tukakuweka kwenye gurudumu la katikati la kipanya, jambo ambalo wachezaji wengi hulifanya hata wenye mikono mizima. Yakabaki sita. Basi tukajua tunatafuta vitufe sita vya ubavuni, wala si kipanya "kizuri". Nathubutu kusema kwamba nusu ya fedha zinazopotea madukani hupotea kwa kukosa ukurasa huo wa daftari.

Luthuli Avenue, kama mjuavyo, ndiko soko la vyombo vya umeme mjini Nairobi. Muuzaji wa kwanza alituonyesha kipanya kinachowaka taa za rangi saba, akatusomea herufi tatu zilizoandikwa kwenye boksi, DPI, na mbele yake tarakimu ya makumi ya maelfu. Herufi hizo hueleza jinsi kielekezi kinavyokwenda mbali kwenye skrini kwa kila inchi ya mkono. Inasikika vyema, lakini wachezaji hodari wa mchezo huu wengi wao hutumia kati ya 400 na 1600, maana mlengaji hataki kielekezi kinachoruka kama panzi. Kipanya kile kilikuwa na vitufe viwili tu ubavuni. Viwili hivyo, katika vipanya vingi, huja vimekwisha kupewa kazi ya kurudi nyuma na kwenda mbele katika kurasa za intaneti, na kwa mtu wa ofisini vinatosha kabisa.

Duka la pili walikuwa navyo vya kumi na viwili. Hapa ndipo mpwa wangu aliponifurahisha. Hakuuliza bei. Aliomba kipanya kitolewe ndani ya boksi na kuunganishwa na kompyuta ya dukani, akaweka kielekezi juu ya alama ndogo kwenye skrini, kisha akabonyeza vitufe vya ubavuni kimoja kimoja. Cha kwanza kilikuwa kigumu, na kila alipokibonyeza kipanya chote kilisukumwa kulia na kielekezi kikahama. Hiyo ndiyo hila ya vitufe vya ubavuni: gumba linasukuma kuelekea pembeni, na kipanya chepesi chenye vitufe vigumu kitakuharibia shabaha. Akakirudisha. Cha pili kilikuwa kizito kidogo na vitufe vyake vilainika kwa mguso, kielekezi hakikutikisika.

Ubaya wa vitufe kumi na viwili ni kwamba gumba hupotea humo kama mgeni sokoni. Lakini kitufe kinachopangika chaweza pia kupangiwa kutofanya lolote. Alikusudia kuvitumia sita vya mbele na kuvizima sita vya nyuma, ambako gumba lake hupumzika. Siku hizi vipo vipanya vya mbao za kubadilisha ubavuni, kama Naga Pro ya mwaka 2020, ambayo mtu huchagua viwili, sita au kumi na viwili. Bei yake ilituaga mapema.

Likabaki swali la kumbukumbu, nalo kwetu Ngoingwa si dogo. Vipanya vingine huweka mpangilio wa vitufe ndani ya programu ya kompyuta. Ukikihamisha kwenye kompyuta nyingine vitufe vinakuwa bubu au vinarudia kazi za kiwandani. Vingine huuhifadhi ndani ya kipanya chenyewe. Umeme ukipotea nyumbani, mpwa wangu huchukua kazi yake akaenda kumalizia katika duka la kompyuta la kukodi, ambako mteja haruhusiwi kuingiza programu. Muuzaji akaapa kwamba hicho kina kumbukumbu. Kijana akapanga kitufe kimoja, akachomoa waya, akauchomeka kwenye kompyuta ya jirani, akabonyeza. Kikaitika. Waya pia alikuwa ameutaka mwenyewe, asiwe na betri ya kuhangaikia.

Sasa kitufe cha chini mbele husimamisha sauti iliyorekodiwa, na cha juu yake huirudisha nyuma sekunde chache. Waandishi wa kazi hiyo wenye uwezo hununua kikanyagio cha miguu kwa shughuli hiyo hiyo. Yeye anaifanya kwa gumba, na vidole vyake viwili vya kushoto havitoki tena kwenye herufi. Juu ya kitufe cha kujaza risasi amebandika kipande cha plasta ya kidonda, ili gumba likitambue gizani. Zamu zake timuni amerudishiwa zote.

Onyo moja kwa vijana. Vipanya hivi vyaweza kufunzwa kufanya matendo kadhaa kwa mbonyezo mmoja, na hapo mchezo huwa si wa mtu tena. Agosti 2024 kampuni ya Valve, wenye Counter-Strike, ilitangaza kwamba atakayebainika kutumia otomatiki ya namna hiyo katika mechi zao rasmi atatolewa mchezoni. Kitufe kimoja, tendo moja, ndiyo njia ya usalama, na ndiyo aliyoifuata mpwa wangu. Binafsi naona kanuni hiyo ni ya haki, ingawa inawabana zaidi wenye vidole pungufu. Microsoft walipotoa mwaka 2018 kifaa chao cha kuchezea kwa walemavu, chenye vitufe viwili vikubwa na matundu ya kuunganishia vingine, walionyesha kwamba kuna njia ya kumsaidia mtu kuufikia mchezo pasipo kumchezea.

Na wenye kutumia mkono wa kushoto msichoke kuulizia. Karibu vyote vya madukani vimechongwa kwa mkono wa kulia, lakini mwaka 2020 Razer ilitoa Naga ya kushoto. Risiti iwekeni: ugonjwa wa kawaida wa vipanya hivi ni kitufe kikuu kubofya mara mbili unapokibonyeza mara moja, nao huanza taratibu, miezi kadhaa baada ya kununua.