BAISKELI IKILIA TUMBONI, TEGA SIKIO

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Msemo huo wahusu nyumba, lakini mtu yeyote aliyewahi kumiliki baiskeli anajua kwamba waihusu baiskeli pia. Baiskeli haivunjiki ghafla kama chungu. Kwanza hulalamika. Hulia "ka, ka, ka" kila mguu unaposhuka, na mwenyewe husema, "Nitaitazama Jumamosi." Jumamosi hufika ikapita, na Jumatatu asubuhi mkono wa pedali unacheza kama jino la mtoto wa miaka sita.

Mara nyingi sehemu inayolia hivyo ni ekseli ya kati, ile inayoshika mikono miwili ya pedali. Hilo ndilo tumbo la baiskeli. Halionekani, kwani limejificha ndani ya bomba fupi chini ya fremu. Katika baiskeli zetu nyeusi za mizigo, humo mna ekseli, vikombe viwili vya chuma, na gololi za robo inchi, kwa kawaida 11 kila upande. Mwendeshaji anaposimama juu ya pedali kupanda kilima, akiwa na gunia nyuma, uzito wa mwili wake wote hupitia kwenye vijigololi hivyo.

Kosa la mwandishi

Mimi nililijua tumbo hilo kwa njia ya aibu. Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Baiskeli yake, Raleigh nyeusi iliyotoka Nottingham, Uingereza, ndiyo iliyompeleka kazini, ndiyo iliyobeba mahindi hadi kinuni, na ndiyo iliyompeleka mama hospitalini usiku aliozaliwa kitindamimba wetu. Likizo moja ikaanza kulia. Baba akanunua kikombe kipya cha upande wa cheni, akaniambia niipeleke kwa fundi.

Nilikuwa mvulana wa darasa la saba, nami nikajiona fundi. Nikatia spana, nikageuza kikombe cha zamani kuelekea kushoto, kama tunavyofungua nati zote. Kikakataa. Nikaongeza bomba kwenye spana, nikasukuma kwa kifua. Spana ikateleza. Nikachukua nyundo na patasi. Mwishowe kikombe kikazunguka bure, na nilipokivuta kilitoka na vipande vya nyuzi za fremu.

Baba hakunipiga. Alitazama, akanyamaza, na muhula uliofuata wote alikwenda shuleni kwa miguu.

Chini ya mti, Busia

Nilikumbuka hayo majuzi nilipokuwa Busia. Mji huu una haki ya kusikilizwa katika mambo ya baiskeli, kwa kuwa ni huku mpakani, katika miaka ya 1960, vijana walikoanza kubeba abiria na mizigo kati ya vituo vya forodha vya Kenya na Uganda. Jina "boda boda" lilizaliwa hapo kutokana na neno la Kiingereza la mpaka. Siku hizi pikipiki zimechukua abiria wengi na jina lenyewe, lakini baiskeli haijafa. Bado hubeba maziwa, maji, mkate na makaa.

Chini ya mti mmoja nilimkuta fundi mzee akiwa na mteja wake, kijana muuza maziwa. Baiskeli, ile aina tunayoiita Black Mamba, ilikuwa imelazwa kichwa chini. Kijana alikuwa na haraka, kwani mitungi yake ilikuwa juani. Alishika spana mwenyewe akaielekeza kushoto, upande wa cheni.

"Mwanangu, acha!" mzee akasema. "Huko hukifungui, unakikaza."

Nilihisi kama maneno hayo nimeambiwa mimi, ila yamechelewa miaka mingi.

Mzee alieleza kwamba kikombe cha upande wa kushoto hufunguliwa kwa kugeuza kushoto kama nati yoyote. Kile cha kulia, penye cheni, nyuzi zake zimekatwa kinyume. Hufunguliwa kwa kugeuza kulia, kama mshale wa saa uendavyo.

Msomaji huenda akauliza, kwa nini watengenezaji watutese hivyo? Chukua penseli, ishike katikati kwa ngumi iliyolegea. Sasa zungusha ncha yake kama mshale wa saa. Utaona penseli yenyewe inajiviringisha kinyume. Ndivyo ilivyo kwa kikombe. Ukikanyaga pedali kwenda mbele, uzito unazunguka na kukisukuma kikombe kidogo kidogo kuelekea upande wa pili. Kama nyuzi zingekuwa za kawaida, kila safari ingekilegeza. Kwa kuwa zimekatwa kinyume, mwendo wenyewe haukifungui.

Kazi hatua kwa hatua

Kwanza mzee alitoa pini zinazoshika mikono ya pedali. Alilegeza nati, lakini hakuiondoa kabisa, ili ilinde nyuzi za pini. Kisha akategemeza mkono wa pedali juu ya kipande cha bomba la chuma kilichosimama chini, akapiga pigo moja zito. "Ukipiga bila egemeo," alisema, "nyundo haipigi pini, inapiga gololi. Zitachimba vishimo ndani ya kikombe, na utakuwa umeua ulichokuja kuponya."

Akafungua ringi ya kufungia upande wa kushoto, kisha kikombe chake, akachomoa ekseli, na gololi zikamwagika katika bakuli. Akazihesabu. Moja ilikuwa imepasuka. Akaosha kila kitu kwa mafuta ya taa na kumwonyesha kijana njia za gololi, zilizojaa vishimo kama uso wa mgonjwa wa ndui.

Kabla ya kufunga vipya, alivilinganisha na vya zamani. Ekseli mpya iwe na urefu ule ule, na ncha yake ndefu ielekee upande wa cheni. Nyuzi nazo zitazamwe. Vikombe vya kawaida vina nyuzi 24 kwa inchi, bali Raleigh nyingi za zamani zilikatwa nyuzi 26. Kwa macho vyafanana. Kikombe kikigoma baada ya mzunguko mmoja, usikilazimishe. Kikombe hununuliwa dukani, lakini nyuzi za fremu haziuzwi.

Akapaka grisi nyingi, akapanga gololi 11 katika kila kikombe zikanata humo. Kile cha kulia akakikaza kwa nguvu zake zote. Akapitisha ekseli, akaingiza cha kushoto kwa vidole tu hadi kikakaa sawa. Hapo ndipo penye ustadi. Ukikaza mno, gololi husagika. Ukilegeza, ekseli hucheza na kulia kama zamani. Mzee alikaza hadi mchezo ukaisha, akakishika kikombe kwa spana kisitembee, ndipo akafunga ringi. Akaizungusha ekseli kwa vidole viwili. Ikaenda laini, kimya.

Pini alizirudisha zikielekea kinyume, kwa maana zikiingia upande mmoja mikono ya pedali haitanyooka. Akazigongea ndani kwanza, kisha akakaza nati. "Ukifika uwapelekeako maziwa," alimwambia kijana, "zikaze tena. Pini mpya hukaa vizuri baada ya kubeba mzigo."

Kijana akafunga mitungi yake, akaondoka. Tulimsikiliza akipanda kilima. Hapakuwa na "ka, ka, ka."

Nikamsimulia mzee habari za Raleigh ya baba. Akacheka kidogo, akaniuliza fremu ile iko wapi. Nikamjibu kwamba imetundikwa ukutani mwa jiko la nyumbani hadi leo.

"Ilete," akasema. "Mchomeleaji aweza kujaza chuma, na mwenye mashine akakata nyuzi upya. Ni kazi, lakini chuma cha zamani hakitupwi."

Nitaipeleka. Nawe msomaji, ikiwa baiskeli yako imeanza kulia tumboni, usingoje Jumamosi. Na ukiishika spana upande wa cheni, kumbuka kugeuza kulia.